Suuza ya mwisho: kiwanda cha chipu, ukame wa 2021 na mashamba ya mpunga ya Taiwan

Katikati ya kisiwa cha Taiwan kuna ziwa liitwalo Sun Moon, na ndani yake kuna sanamu ya vyura tisa waliopandana migongoni. Ziwa likijaa, sanamu huzama karibu yote. Maji yakishuka, vyura hujitokeza mmoja baada ya mwingine, na watu huwahesabu ili kujua hali ya ziwa. Miezi ya mwanzo ya 2021 hapakuwa na haja ya kuhesabu. Wote tisa walikuwa nje, juu ya tope lililokauka na kupasuka, na gati za boti zilikuwa zimekaa juu ya ardhi.

Mwaka uliotangulia, 2020, hakuna tufani hata moja iliyotua Taiwan. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu 1964. Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, tufani ni habari ya mabati kung'oka na mashua kupotea, na huko Taiwan pia ni hivyo. Lakini wao huitegemea tufani kwa jambo jingine: ndiyo inayojaza mabwawa. Kisiwa hicho hupata wastani wa milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, zaidi ya maradufu ya mvua ya Dar es Salaam. Shida ni umbo la nchi. Milima ya katikati inapanda hadi karibu mita 4,000, mto mrefu kuliko yote ni wa kilomita 186 tu, na maji yanateremka kwa kasi hadi baharini. Mabwawa si makubwa, na mengi yamejaa mchanga na matope. Nchi inayonyeshewa hivyo inaishi karibu na ukame kila mwaka. Msimu mmoja wa tufani ukikosekana, hali inabadilika ndani ya miezi michache.

Ikabadilika. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2021, mji wa Taichung, wilaya ya Miaoli na sehemu ya Changhua ziliingia kwenye mgao: siku mbili kila wiki bila maji ya bomba, kwa zaidi ya wateja milioni moja, kaya na biashara pamoja. Watumiaji wakubwa wa viwandani katika maeneo hayo walitakiwa kupunguza matumizi kwa asilimia 15. Wakulima hawakuambiwa wapunguze. Mifereji yao ilifungwa kabisa. Hadi ukame unafikia kilele, umwagiliaji ulikuwa umesitishwa kwenye takriban hekta 74,000, karibu sehemu moja ya tano ya ardhi yote ya umwagiliaji kisiwani, na wakulima wakalipwa fidia ili wasilime.

Wakati huohuo, kampuni ya TSMC, mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani wa chipu (vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha simu na kompyuta) zinazoundwa kwa oda ya makampuni mengine kama Apple na Nvidia, ilieleza kwamba uzalishaji wake haukuathirika.

Nimekichagua kisa hiki kwa makusudi. Ningeweza kuandika kuhusu kiwanda kinachomwaga rangi mtoni, na hukumu ingetoka katika aya ya kwanza. TSMC si kiwanda cha namna hiyo. Katika kurudisha maji yake kwenye matumizi ni miongoni mwa bora duniani, na wahandisi wake wanastahili heshima kwa walichokijenga. Ninachotaka kuelewa ni jinsi kampuni inayorudisha zaidi ya asilimia 86 ya maji yake ya uzalishaji ilivyojikuta, katika mwaka mkavu, ikikaa meza moja na mkulima wa mpunga wakigombea maji yaleyale, na mkulima ndiye akaondoka mikono mitupu.

Maji yanafanya nini ndani ya chipu

Chipu haina maji ndani yake. Inaoshwa tu, lakini inaoshwa mara nyingi mno.

Kazi huanza na sahani nyembamba ya silikoni, ya mviringo, yenye kipenyo cha milimita 300. Juu yake hujengwa tabaka kwa tabaka: kemikali inapakwa, picha inapigwa kwa mwanga, asidi inakula sehemu zisizotakiwa, kisha kila kitu kinasuuzwa na kazi inaanza upya. Hatua ni mamia. Mistari inayochorwa ni midogo kiasi kwamba punje moja ya vumbi, au chembe ya chumvi iliyobaki baada ya tone kukauka, inaweza kuharibu chipu nzima. Ndiyo maana maji ya bomba hayafai, hata yale ya kunywa yaliyo safi kabisa. Maji hupitishwa kwenye vichujio, husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia utando unaozuia chumvi, hupigwa na miale ya urujuanimno, kisha hupita kwenye resini zinazonasa ayoni zilizobaki. Yakitoka hapo hayapitishi umeme karibu hata kidogo. Ili kupata lita moja ya maji ya aina hiyo, unahitaji kama lita moja na nusu ya maji ya bomba.

Makadirio yanayotajwa sana katika sekta hii ni kwamba sahani moja ya milimita 300 hutumia zaidi ya lita 8,000 hadi ikamilike. Viwanda vya TSMC katika maeneo matatu ya viwanda vya teknolojia, Hsinchu, Taichung na Tainan, vilitumia tani 156,000 kwa siku mwaka 2019. Hizo ni lita milioni 156.

Mkazi wa Dar es Salaam anayekumbuka mgao wa mwishoni mwa 2022 anaweza kuipima namba hiyo kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Wakati ule maji ya mto Ruvu yalipopungua, uzalishaji wa mitambo yake ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi kama milioni 300. Pengo hilo, lililoufanya mji mzima kuhangaika na madumu, linakaribiana sana na kiasi ambacho kampuni moja ya chipu ilikuwa ikivuta kila siku.

Sasa tuje kwenye ustadi wao, kwa sababu hapa pana jambo la kujifunza.

Nyumbani, anayefua kwa mkono anajua kwamba maji hayachafuki kwa kiwango kimoja. Beseni la kwanza lina povu na uchafu. La pili lina ukungu. La tatu, yaani suuza ya mwisho, ni karibu safi, na hakuna mwenye akili anayelimwaga: linafulia nguo za rangi, au linadeki sakafu, au linamwagiwa mchicha. Kosa kubwa kuliko yote ni kumimina mabeseni yote matatu kwenye ndoo moja, maana ukishachanganya, maji yote yamekuwa ya beseni la kwanza.

Viwanda vingi duniani hufanya kosa hilohilo. Mfereji ni mmoja, kila idara inamwaga humo, mwisho wake kuna mtambo mmoja mkubwa wa kusafisha unaohangaika na mchanganyiko usiotabirika. Kiwanda cha kisasa cha chipu hakifanyi hivyo. Chini ya sakafu ya kila mashine kuna mabomba tofauti. Asidi ya haidrofloriki ina njia yake, kwa sababu inasafishwa kwa kuongezewa kalsiamu ili floraidi igande na kuwa tope. Maji yenye shaba yana njia yake. Amonia ina njia yake. Viyeyusho vya kikaboni vina yake. Na maji ya suuza yanatenganishwa hata ndani ya suuza moja: kipimo kinasoma uwezo wa maji kupitisha umeme, sekunde kwa sekunde, na mara tu uchafu unapopungua vya kutosha, vali inageuka yenyewe na maji yanaacha kwenda kwenye majitaka, yanaenda kwenye tangi la kurejeshwa. Suuza ya mwisho ya sahani ya silikoni mara nyingi ni safi kuliko maji yaliyoingia kiwandani kutoka kwenye bomba la mji. Kuyarudisha mwanzo wa mtambo wa kusafishia ni rahisi na kunaokoa hata kemikali.

Yasiyofaa kurudi huko hushuka ngazi. Yanaenda kwenye mitambo inayoosha hewa chafu kabla haijatoka kwenye dohani, au kwenye minara ya kupozea, au vyooni. Unyevu unaoganda kwenye mashine za kupooza hewa, ambao kwetu hudondoka tu ukutani na kuacha alama ya kijani, hukusanywa nao. Kwa nchi yenye joto na unyevunyevu kama Taiwan, na majengo yenye ukubwa ule, hayo si matone.

Hakuna hata kimoja katika hivi kinachoweza kuongezwa kirahisi baada ya kiwanda kujengwa. Mabomba yanayotenganisha maji yanalazwa kabla ya sakafu kumwagwa zege. Uamuzi wa kurudisha maji hufanywa mezani kwa mchoraji, miaka kabla ya mashine ya kwanza kuwashwa. Naona hili ndilo jambo ambalo wawekezaji wetu wa maeneo ya viwanda hulipuuza zaidi: mfereji mmoja wa pamoja ni nafuu siku ya ujenzi na ni gharama kila siku baada ya hapo.

Asilimia inapopanda na maji yakazidi kupungua

Tufanye hesabu ya mfano, isiyo ya kampuni yoyote. Kiwanda kinahitaji ndoo 100 kwa siku. Kinarudisha 85. Kinachukua 15 kutoka mtoni. Biashara inakua, uzalishaji unaongezeka maradufu, sasa kinahitaji ndoo 200. Wahandisi wamejitahidi, urejeshaji umefika asilimia 90, wamepewa tuzo. Kinachukua ndoo ngapi mtoni? Ishirini. Asilimia imepanda kwa pointi tano, ripoti inang'aa, na mto umepoteza theluthi moja zaidi ya ulichokuwa ukipoteza.

Hakuna aliyedanganya katika hesabu hiyo. Kila namba ni ya kweli. Lakini ripoti inajibu swali moja, na mto unauliza lingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa TSMC. Lengo iliyojiwekea lilikuwa kupunguza maji kwa kila kipimo cha uzalishaji kwa asilimia 30 ifikapo 2030, ukilinganisha na 2010. Ni lengo zuri kwa anayeendesha kiwanda. Hata hivyo dunia ilitaka chipu zaidi kila mwaka, na chipu ndogo zaidi zina tabaka nyingi zaidi, na tabaka nyingi ni suuza nyingi. Jumla ya maji iliendelea kupanda.

Kuna kitu kingine ambacho asilimia ya urejeshaji haikisemi. Inahesabu maji ya uzalishaji. Minara ya kupozea inarusha maji hewani kama mvuke, na mvuke haurudi kwenye bomba. Kadiri kiwanda kinavyotumia umeme mwingi ndivyo kinavyotoa joto jingi, na joto linaondolewa kwa kuvukiza maji. Maji hayo yametoka kabisa kwenye bonde la mto. Hata yanayotolewa kama majitaka yaliyosafishwa hayarudi mahali yalipochukuliwa. Kwa kawaida hutolewa chini, karibu na bahari, mahali ambapo mkulima wa juu hawezi kuyapata tena.

Na urejeshaji una tabia moja ngumu wakati wa ukame: kadiri ulivyo bora ndivyo unavyokuacha bila pa kubana. Mtu anayeoga kwa bomba la mvua nusu saa anaweza kupunguza asilimia 15 bila kuhisi. Anayeoga kwa kopo tatu akiambiwa apunguze asilimia 15 anakuwa na tatizo la kweli. TSMC ilikuwa imeshafika kwenye makopo. Ndiyo maana, agizo la kupunguza lilipokuja, moja ya hatua zake ilikuwa kuagiza maboza.

Boza la kawaida la lita 20,000 hubeba tani 20. Ukigawa tani 156,000 kwa 20 unapata safari 7,800 kwa siku, maboza zaidi ya matano kila dakika, usiku na mchana. Ni wazi maboza hayakukusudiwa kubeba mzigo wote. Yalikuwa ya kuziba nyufa na kuthibitisha kwamba njia ipo. Kilichoiokoa Hsinchu, mji ambako kampuni ilizaliwa 1987, kilikuwa kitu cha kizamani kabisa: bomba. Bwawa la pili la Baoshan, lililokamilika 2006 na kuhudumia mji na viwanda vyake, lilikuwa limeshuka chini ya asilimia 10. Lakini mapema 2021 serikali ilikuwa imemaliza bomba jipya kutoka Taoyuan, lenye uwezo wa tani 200,000 kwa siku, pamoja na mtambo wa dharura wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari wa tani 13,000. Bomba lile lilivuta maji kutoka bonde jingine. Hsinchu haikuingia kwenye mgao wa siku mbili.

Nani aliyefunga mfereji

Sheria ya Maji ya Taiwan inapanga nani anywe kwanza. Matumizi ya nyumbani na ya umma yanatangulia. Kisha kilimo. Kisha umeme wa maji. Viwanda vinafuata hapo. Kwa maandishi, mkulima yuko mbele ya kiwanda.

Kwa vitendo, mwaka 2021 ilikuwa kinyume, na tayari Oktoba 2020 serikali ilikuwa imeanza na hekta 19,000 za Taoyuan, Hsinchu na Miaoli. Sababu zilizotolewa si za kupuuza. Kilimo kinachukua kama asilimia 70 ya maji yote ya nchi, viwanda karibu asilimia 10. Ukifunga mfereji mmoja wa mpunga unapata maji mengi kwa mara moja. Kiwanda cha chipu kikisimama, sahani zilizoko njiani zinaharibika, na kazi ya wiki nyingi inatupwa. Mwaka huohuo dunia nzima ilikuwa na uhaba wa chipu, viwanda vya magari vilikuwa vimesimama Ulaya na Marekani, na serikali zilikuwa zinapiga simu Taipei. Waziri yeyote angesikia shinikizo hilo.

Lakini tuangalie mkulima anaona nini. Uwanda wa Chianan, kusini-magharibi mwa kisiwa, ulikuwa ardhi kavu isiyotabirika hadi mhandisi wa Kijapani Yoichi Hatta alipojenga bwawa la Wushantou na mtandao wa mifereji uliokamilika 1930, enzi za ukoloni wa Japani. Vizazi vya wakulima vililima mpunga kwa mifereji ile. Leo juu ya uwanda huohuo, nje kidogo ya mji wa Tainan, lipo eneo la viwanda vya teknolojia ambako TSMC hutengeneza baadhi ya chipu zake za kisasa kuliko zote. Bwawa la Tsengwen, kubwa kuliko yote Taiwan, linawahudumia wote wawili. Msimu wa kwanza wa 2021, maji ya mfereji yalisitishwa. Kiwanda kiliendelea.

Fidia ililipwa kwa hekta. Nakubali ni bora kuliko kutolipwa, na nchi nyingi zisingelipa chochote. Ila anayejua kilimo anajua kuwa shamba la mpunga halilishi mwenye shamba peke yake. Yupo anayeotesha miche, mwenye trekta la kukodisha, mwenye mashine ya kukoboa, kibarua wa siku, na mnunuzi ambaye akikosa mzigo msimu huu atatafuta mkulima mwingine na huenda asirudi. Hekta haiwaoni watu hao. Na anayelipwa ili asilime msimu baada ya msimu anaanza kujiuliza kama mwanawe ana sababu ya kubaki.

Hapa sikubaliani na wanaosema kwamba mkulima hutumia maji mengi kwa thamani ndogo, kwa hiyo soko limeamua. Soko halikuamua chochote. Maji ya bomba Taiwan ni ya bei ya chini sana, na mwaka 2021, nje ya mji wa Taipei, bei yake ilikuwa haijapandishwa tangu 1994. Karibu asilimia 14 ya maji ya bomba yalikuwa yakivuja kabla ya kufika kwa mteja, na kukarabati mabomba kunahitaji mapato ambayo bei ile haiyaleti. Kampuni tajiri kuliko zote kisiwani ilikuwa inanunua maji kwa bei ambayo haimfundishi mtu yeyote kwamba maji ni haba. Ilirudisha maji kwa sababu za kiufundi, kwa masharti ya maeneo ya viwanda, na kwa hofu halali ya ukame. Bei haikuwa na mchango mkubwa hapo.

Majitaka ya mji yanakuwa chanzo

Mvua zilikuja mwishoni mwa Mei, na mwanzoni mwa Juni 2021 mgao wa siku mbili uliondolewa. Kilichofuata ndicho ninachokithamini zaidi katika kisa hiki, kwa sababu mawazo yalibadilika: kutoka kurudisha maji ndani ya ukuta wa kiwanda hadi kubadilisha chanzo chenyewe.

Wazo halikuwa jipya. Taiwan ilikuwa na sheria ya kuendeleza maji yaliyorejeshwa tangu 2015, na mwaka 2018 mtambo wa Fengshan, mjini Kaohsiung, ulianza kusafisha majitaka ya kaya na kuyapeleka kwenye eneo la viwanda la Linhai, kwa watumiaji kama kampuni ya chuma ya China Steel. Chuma hakichagui sana maji. Chipu inachagua kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na binadamu. Majitaka yana urea, amonia na viini vya kikaboni ambavyo hata kwa kiasi kidogo sana huvuruga kazi ya kuchora mistari midogo, na urea hasa ni msumbufu kwa sababu haina chaji ya umeme na hupenya pale ambapo chumvi zinanaswa. Kuyafanya maji ya vyoo vya Tainan yafae kwenye kiwanda cha chipu ni kazi ngumu mno, na walioifanya wanajua walichofanya.

Tainan ilijenga mtambo wa Yongkang kwa majitaka ya mji. TSMC nayo ilijenga mtambo wake ndani ya eneo la viwanda la kusini, unaochukua maji machafu ya viwandani na kuyarudisha yakiwa yanafaa kutengenezea chipu. Ulianza kutoa maji Septemba 2022, tani 10,000 kwa siku kwa kuanzia, na mpango wa kupanda hadi tani 36,000. Kampuni ikaweka lengo kwamba ifikapo 2030 zaidi ya asilimia 60 ya maji yake yatokane na vyanzo vya namna hiyo.

Lengo hili ni tofauti kabisa na lile la zamani. La zamani lilisema: nitatumia maji machache kwa kila chipu. Hili linasema: nitachukua sehemu ndogo zaidi ya maji ambayo mwingine angeyahitaji. Mkulima wa Chianan anaweza kulihakiki la pili kwa kuangalia mfereji wake. La kwanza hawezi.

Serikali nayo iligusa bei, kwa woga. Kuanzia Februari 2023 ilianza kutoza ada kwa anayetumia zaidi ya mita za ujazo 9,000 kwa mwezi katika miezi ya kiangazi, Novemba hadi Aprili: dola tatu za Taiwan kwa kila mita ya ujazo, ikipungua hadi dola moja kwa anayerudisha maji vizuri. Kwa kampuni inayouza chipu kwa bei ile, dola tatu za Taiwan, ambazo ni kama senti kumi tu za Kimarekani, haziumi. Ila napenda umbo la ada hiyo. Inahesabu jumla, haiangalii maji kwa kila chipu. Inahesabu miezi mikavu, haifichi Machi ndani ya wastani wa mwaka mzima. Ukubwa wake unaweza kurekebishwa baadaye. Umbo likiwa baya tangu mwanzo halirekebishiki.

Maji yaliyorejeshwa yana gharama zake. Yanahitaji umeme, na umeme wa Taiwan kwa sehemu kubwa unatokana na makaa ya mawe na gesi. Yanaacha tope na chumvi inayopaswa kwenda mahali. Na majitaka ya mji yaliyokuwa yakitiririka mtoni yakichukuliwa yote, sehemu ya chini ya mto inaweza kukosa hata hayo. Nchi ambayo miji yake haina mtandao wa majitaka haina hata pa kuanzia, na hilo linahusu sehemu kubwa ya miji yetu: huwezi kusafisha kwa ajili ya kiwanda maji yaliyoko kwenye mashimo ya vyoo laki mbili.

Turudi Chianan. Mtambo wa TSMC huko Tainan ulipoanza Septemba 2022, msimu wa mvua ulikuwa unakwisha na mabwawa ya kusini hayakuwa yamejaa. Tani 10,000 kwa siku zilikuwa mwanzo mzuri wa kiufundi na sehemu ndogo ya kinachohitajika. Mwanzoni mwa 2023, mtambo ukiwa na miezi michache kazini, umwagiliaji wa msimu wa kwanza wa mpunga ulisitishwa tena Chiayi na Tainan, na wakulima walewale wakapewa fomu za fidia.